Sinia la Watu Wawili

Fahmi mwanangu,

Begi lako kubwa nimelipima kwenye mizani ya stoo, halijazidi, na habari za begi zinaishia hapo. Pasipoti, chanjo, namba ya huyo atakayekupokea Cape Town, yote hayo unayajua kuliko mimi. Sikuandikii kukwambia uvae fulana ya ndani.

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu unaujua. Nikikukalisha nikwambie jambo la maana, sentensi ya pili tu nishafika kwenye boti. Wewe utacheka kwa heshima, kesho asubuhi utapanda ndege, na lile jambo litakuwa limebaki kooni mwangu. Kalamu angalau inanichosha. Nikitia chumvi kwa kalamu mkono unauma.

Sasa hivi alasiri imeshapita, wewe uko chuoni unaaga watu, mimi niko hapa Guangzhou, ofisini Xiaobei, nimekaa juu ya katoni za vikombe vya mteja. Simu nimeizima. Mara ya mwisho kuizima ilikuwa siku ya maziko ya mama yako.

Jumapili nilikuuliza kama huko uendako umeshajua msikiti uko wapi. Ukanijibu huku unakunja mashati, taratibu kabisa: "Mjomba, siendi kuswali. Hayo nimemaliza." Ungenipigia kelele ningelala. Upole ule ndio umeninyima usingizi.

Kwa hiyo ninachokuomba nakiweka hapa mbele nisije nikakipoteza njiani. Leo baada ya Magharibi panda juu chumbani, kaa, ule nasi kabla hujaondoka. Ni hicho tu. Sababu zangu ni hizi zinazofuata, na hazitapangika vizuri, kwa sababu mpangaji ni mtu wa darasa la sita. Na hilo la sita niliondoka mwenyewe kwa miguu yangu, mwalimu mkuu akilia mlangoni kama anamsindikiza waziri.

Unaona. Nimeshaanza.

Wewe ulikuwa mdogo, umekaa kibarazani kwa bibi yako Ng'ambo, kule Unguja, nilipokusimulia mara ya kwanza namna nilivyoingiza boti ya mwendo kasi ndani ya kontena ambalo tayari lilikuwa na makochi, friji, na kiti cha daktari wa meno. Ukaniuliza, "Iliingiaje, Mjomba?" Nikakwambia niliiambia ivute pumzi ndani. Uliamini. Ulikwenda shule ukawaambia wenzako, wakakupiga, na ukarudi bado unaamini. Mimi hapa Guangzhou wananiita Kombo Kontena, na jina hilo sikujipa, au nilijipa lakini walilikubali. Mzigo wa watu kumi na wote wamegombana, mimi naupanga kwenye boksi moja na kila mtu anaukuta wake umekaa sawa. Mawakala wa Kichina wakiniona nimesimama mbele ya kontena wanazima sigara.

Nafasi, mwanangu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kutafutia vitu nafasi.

Na chumba cha juu nacho kilikuwa hivyo hivyo. Zulia nililiunga kwa vipande vya mabaki, masinia nikayabeba mgongoni kutoka mtaa wa Yide Lu, na watu wakajaa. Wanafunzi, wafanyabiashara, wa Unguja, wa Bara, wa Mombasa. Kila Alhamisi tunaswali, tunasoma, tunakula. Na nani alikuwa anawapanga kwenye masinia? Mimi. Mtu akisimama mlangoni anavua viatu, mimi nishajua goti lake litaingia wapi. Yule anakula upesi, muweke na wazee wanaosimulia. Wale wawili wamegombania mteja, wabananishe sinia moja, mikono ikigongana kwenye wali watapatana. Wewe ndiye uliyekuwa msomaji wetu. Ukianza Yasin, hata yule fundi wa lifti, Mchina wa watu, alikuwa anasimama kwenye korido na mkoba wake wa spana mpaka umalize. Hili si la boti. Hili umeliona mwenyewe.

Sasa nije Xintang. Sitaki kuja Xintang, lakini nimeshaandika.

Ilikuwa Shaabani, tumekaa kiwandani juu ya marobota ya jinzi tunasubiri mzigo wetu ufungwe. Ukasema, "Mjomba, nina jambo."

"Sema."

"Mimi na Idrisa si marafiki tu."

"Mna biashara?"

"Mjomba." Ukavuta uzi kwenye robota. "Mimi napenda wanaume. Tangu zamani. Nimemuomba Mungu aniondolee mpaka magoti yakaota sugu. Hakuniondolea."

Akatokea laobani, bosi wa kile kiwanda, kashika chupa yake ya chai. Nikamdaka mkono, nikaanza kumsimulia kwa Kichina changu cha sokoni habari za boti. Mwanzo mpaka mwisho. Nilimsimulia mpaka kiti cha daktari wa meno. Wewe ulikaa pale juu ya robota lako ukanisubiri nimalize. Nilipomaliza nikakuuliza, "Umekula?" Basi. Mtoto niliyemlea kanifungulia kifua, nami nikamuuliza kama kala.

Ramadhani ikaingia. Ukaja ofisini ukasema wenzake Idrisa pale chuoni wamemtoa kwenye kundi lao la swala, kwenye simu wamemfuta, na tangu mwezi uandame anafuturu peke yake chumbani kwa tambi za maji ya moto. Ukauliza kama anaweza kuja kwetu.

Unakumbuka nilivyokujibu? Nilijipiga kifua. "Kwangu? Chumba cha Kombo anaingia hata mfalme, hata mdai wake."

Na nilimaanisha. Hilo uniamini. Lakini kabla ya siku yenyewe Maalim Haji alishuka ofisini, akakaa hapa hapa nilipokaa mimi. Unamjua, mtu wa sauti ya chini, hajawahi kumtukana hata paka.

"Kombo, watu wanasema."

"Watu wa wapi hao wasio na kazi?"

"Wa juu. Wanasema wale vijana wakija, wao hawatakula nao sinia moja."

"Maalim, wali ni wali."

"Mimi nakuletea nilichosikia. Usije ukaaibika mbele za watu mwezi huu."

Hapo ndipo ujanja wangu uliponiponza. Nikaona hili ni la kupanga tu, kama mizigo isiyogusana, sabuni huku na unga kule. Nikasema hakuna atakayefukuzwa na hakuna atakayeudhika. Nitawatengea sinia lao peke yao, pazuri, karibu na dirisha kiyoyozi kinapopuliza. Wengine wote nusu kuku, wao kuku mzima. Wallahi nilijisifu siku nzima. Nilimwambia Bi Nuru kule mgahawani kwake, "Mpambe huyo kuku, wageni wangu hao."

Mkaja. Mkafungulia tende alizoleta Idrisa, mkaswali nyuma ya safu ya mwisho, bega kwa bega. Nikasema moyoni, umeona, Kombo, yamepita. Kisha nikaanza kupanga watu. Nikawapeleka dirishani. Idrisa akaliangalia sinia, akaangalia na yale mengine, watu wamebanana magoti juu.

"Mjomba, nani mwingine anakula hapa?"

"Nyinyi tu. Nimewaheshimu."

Na mtu mmoja, simtaji, kwa kuwa asingesema yeye angesema mwingine, akapaza sauti kutoka kule katikati: "Bwana harusi na bibi harusi washatengewa. Kuku mzima, mashallah."

Chumba kizima kikacheka.

Mimi ni mtu wa pwani, Fahmi. Nimeshika masinia ya harusi tangu sijavaa viatu. Kuku mzima, watu wawili, pembeni. Vipi sikuliona? Mkono wangu mwenyewe ulitandika dhihaka ile, mimi nikaiita heshima. Nami, hili ndilo linalonikaba, nilicheka. Si kwa nguvu. Kile kicheko cha mwenyeji, cha kutaka mambo yaendelee. Lakini ulikuwa unaniangalia mimi, hukuwa unamwangalia aliyesema.

Idrisa alisimama, akavaa viatu vyake vizuri, akafunga na kamba. Wewe hukumfuata. Ulibaki. Ukakaa mbele ya sinia la watu wawili ukala peke yako, polepole, tonge kwa tonge, mpaka wali ukaisha na kuku akabaki mifupa, na hakuna aliyethubutu kuinuka kabla yako. Ukaenda ukanawa mikono. Tangu siku hiyo ofisini unakuja, makaratasi yangu ya Kiingereza unanisomea, lakini lifti ikipanda hupandi.

Na mimi nilifanya nini? Nilifanya ninachokijua. Waliponiuliza msomaji yuko wapi, nikasema ana mitihani. Mitihani ikaisha, nikakupeleka Shanghai. Shanghai ikawachosha, nikakuvunja mguu. Kidogo tu, kwenye kifundo. Bi Nuru akasikia, akapika supu ya mifupa kwa ajili ya mguu wako, akaileta mwenyewe, akanikuta naila mimi.

"Kombo, huyo mtoto amevunjika wapi?"

Nikamsogezea bakuli.

Akavuta kiti. "Uliniambia nimpambe yule kuku. Nikampamba kwa mayai na vitunguu, mjinga mimi, nikidhani una wageni. Ulimpa mtoto kuku mzima ili usimpe bega lako."

Halafu akachukua supu yake akaondoka nayo. Nusu ilikuwa bado.

Maneno yale yalinikalia hapa. Nikienda kupakia mzigo nayasikia, nikirudi nayasikia. Alhamisi moja nikasimama kabla ya chakula kuletwa, nikawaambia: "Fahmi hajavunjika mguu. Nilidanganya. Amevunjika moyo, na tumemvunja humu, mimi wa kwanza. Yeye na Idrisa wakirudi watakaa kwenye sinia langu. Anayetaka kukaa nasi akae."

Ningependa kukwambia walilia wakanikumbatia. Ningekuwa nasimulia kwa mdomo wangelia. Lakini walinyanyuka, mmoja mmoja, kwa adabu, wakitafuta viatu. Maalim Haji alikuwa wa mwisho. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Kombo, mimi sikuchukii, na kijana simchukii. Lakini siwezi." Akakunja mswala wake. Sasa wanakutana kwake, ng'ambo ya barabara, na wengine mizigo yao wanampa mtu mwingine. Namuona Maalim dirishani, namwamkia, ananiitikia. Hilo ndilo linalouma zaidi, kwamba ananiitikia.

Masinia yamejaa vumbi kabatini. Limebaki moja. Tunalizunguka mimi na Bi Nuru, kwa sababu alisema amechoka kula amesimama jikoni, na kama mtu anaona vibaya mwanamke kukaa pale basi afunge macho. Maalim angezirai.

Halafu wakaanza kuja wengine ambao sikuwaita. Msichana wa Tanga, anasomea udaktari, alisimama mlangoni viatu vikiwa mkononi.

"Hapa ndipo?"

"Ndipo pa nini, mwanangu?"

"Pale ambapo mtu haulizwi."

Fahmi, nilitaka kumwambia ndipo, na kwamba tangu zamani ndivyo tulivyo, na kwamba mimi ndiye niliyeanzisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaona lile dirisha. Nikamwambia, "Tunajaribu. Karibu." Akakaa akala, na baada ya kula akajifunika uso kwa mtandio akalia kwa muda mrefu, Bi Nuru kamshika mgongo, mimi nikajifanya natafuta chumvi. Hajasema kwa nini. Hatujamuuliza. Baadaye akamleta mwenzake, kijana wa Mwanza. Huyo ni Mkristo, mwimbaji wa kwaya aliyeondolewa kwaya yake. Tukiswali anakaa nyuma na kitabu chake cha nyimbo, anaimba midomo tu, bila sauti.

Lakini msomaji hatuna. Nasoma mimi, na unajua mimi ninavyosoma. Aya za katikati narukaruka kama mtu anayevuka tope. Msichana wa Tanga hunisahihisha kwa kukohoa.

Sasa usije ukadhani mjomba wako ameelewa kila kitu. Maalim ana vitabu ukuta mzima, mimi nina hilo la sita. Nimemuuliza Mungu, na sina sauti iliyonijibu ambayo naweza kukuletea. Kuna siku bado naogopa, naogopa kwa ajili yako, na nikimaliza naogopa kwa ajili yangu. Lakini woga wangu niubebe mimi. Haikuwa haki nikuweke wewe ukaule pembeni.

Hili la kusema "nimemaliza" ndilo linaloniua. Niache mimi, mimi nimeshaachwa na watu wazuri zaidi. Wake wawili waliniacha, na wote walikuwa na sababu. Usinipigie simu mwaka mzima, nitakula hilo. Lakini wewe nimekusikia usiku ule mama yako yumo ndani amelala chini ya shuka nyeupe, mtoto mdogo umekaa miguuni kwake unamsomea, na hukuwa umefundishwa na mtu kwamba hiyo ndiyo kazi yako usiku ule. Kile ulichokuwa unazungumza nacho hakikuwa mimi, na hakikuwa Maalim Haji. Mwanangu, nakuomba kama mtu aliyeshika ukingo wa kitu kwa kucha. Usimwache Mungu kwa sababu ya kuku wa mjomba wako.

Na kama huko Cape Town siku moja miguu itakupeleka mahali pa kuswali, usisikilize wanayokwambia mlangoni. Mlangoni sote tuna maneno matamu, mimi nilikuwa na mfalme. Subiri chakula kije, angalia nani anakaa na nani. Wakikutengea, hata pazuri, hata penye upepo, vaa viatu. Na ukija kuwa na chumba chako mwenyewe, atasimama mlangoni mtu ambaye wewe goti lako halitaki kuligusa lake. Huenda akawa mfano wa Maalim Haji, kazeeka, kapotea mji wa watu, hana pa kufuturu. Sikwambii ufanye nini. Mimi nimefika mlangoni tu.

Nimebakisha mambo mawili.

La kwanza, jana nilikwenda kwa Idrisa. Nilipanda treni ya chini ya ardhi nikapotea, nikatokea mahali ambapo nina hakika si Guangzhou tena, nikarudi. Nikamsubiri kwenye geti la chuo chao. Aliponiona alisimama mbali.

"Mjomba, ukinikaribisha chakula, mimi sina njaa."

"Sikuja na chakula. Nimekuja kukwambia kwamba nilicheka."

Akasema, "Ulicheka, ndiyo." Basi, hakunisamehe wala hakunifukuza. Nikamwambia kuhusu leo. Akasema, "Fahmi akija, nitakuja. Asipokuja, usinisubiri." Kwa hiyo unaona, hata yeye nimemning'iniza kwako, na sina haki hiyo pia, lakini nimeshafanya.

La pili ni boti. Haikuingia, mwanangu. Tuliisukuma, tukaitoa milango, tukaipindua ubavu. Mwenyewe alisimama pale analia, na mwisho tukaiacha bandarini, sijui hata iliishia wapi. Nimeisimulia miaka yote hii ili isibaki pale. Nilikuacha upigwe shuleni kwa ajili ya boti ambayo haikuingia.

Leo hakuna kuku. Nimemwambia Bi Nuru apike changu wa nazi, mzima, na miiba yake yote. Unakumbuka nilivyokuwa nakuchambulia? Ulikuwa hukubali kula samaki mpaka mkono wangu upite kwanza. Sinia ni moja, sote tutabanana, na mimi nitakaa upande wa dirisha, pale pale. Bega langu la kulia nitaliacha wazi mpaka isha iadhiniwe kwenye simu ya Bi Nuru.

Usipokuja, kesho alfajiri nitakubebea begi mpaka uwanja wa ndege na sitafungua mdomo njia nzima. Utajua kwa hilo kwamba nimekusikia.

Barua naiacha juu ya begi. Napanda kutandika.

Mjomba wako,
Kombo